Dosari za Filamu ya Milimita 16 Inayooshwa kwa Mikono Shambani Mombasa: Dalili, Vyanzo na Tiba

Mwongozo huu ni wa wasanii wanaokusanyika shambani, mbali kidogo na kisiwa cha Mombasa, wakapiga filamu ya milimita 16 kwa kamera ya kukaza springi mchana na kuiosha wenyewe ndooni usiku. Kambi za namna hii, ambamo mtu mmoja hupiga, huosha, hupaka rangi na kuonyesha kazi yake bila kupitia maabara ya kibiashara, zimejulikana sana kupitia ile ambayo mtengenezaji filamu Philip Hoffman aliianzisha mwaka 1994 kwenye shamba karibu na Mount Forest, jimbo la Ontario nchini Kanada. Maelekezo mengi yanayosomwa kuhusu kazi hii yametoka katika nchi ambazo maji ya bomba huwa baridi na hewa huwa kavu. Anayeyafuata neno kwa neno Likoni au Kisauni mwezi wa Machi ataharibu filamu, kisha ataulaumu mkono wake au tarehe iliyoandikwa kwenye kopo. Rai yangu ni kwamba huku pwani mshukiwa wa kwanza awe maji: joto lake, chumvi yake na chokaa yake. Mengine yafuate.

Ni kweli kwamba katika filamu za majaribio zipo alama ambazo maabara huziita uharibifu na sisi huzitafuta kwa makusudi, kama vile nyufa za jelatini (tabaka linalobeba picha), mikwaruzo ya ndoo na madoa ya dawa. Hata hivyo haja ya kujua chanzo haipungui. Msanii asiyejua ufa umetoka wapi hawezi kuurudia katika kazi ijayo, wala hawezi kuuzuia usiule uso wa bibi aliyekubali kupigwa filamu mara moja tu.

Katika maelezo haya, kuosha kuna maana ya kupitisha filamu kwenye dawa, kama wasemavyo wapigapicha wa studio, na kusuuza ni kuipitisha kwenye maji matupu. Dawa inayoibua picha nitaiita divelopa, na ile inayoondoa fedha (madini yanayofanya picha) isiyoangazwa ili picha isiharibiwe na mwanga nitaiita fiksa.

Kabla ya yote, soma ukingo wa filamu

Filamu nyingi za kamera huwa na namba na maandishi ambayo kiwanda kimeyachapa kwa mwanga pembeni, karibu na vitobo. Maandishi hayo hayajapita kwenye lenzi yako, kwa hiyo ni shahidi asiyehusika na upigaji. Ikiwa namba za ukingoni zimetoka nyeusi na kali kwenye negativu (filamu ambamo penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa angavu) huku picha ikiwa hafifu, divelopa imefanya kazi yake na kosa liko kwenye kamera au kipimo cha mwanga. Namba zikiwa hafifu sawasawa na picha, divelopa ndiyo yenye lawama. Ikiwa hakuna namba, hakuna picha, na filamu yote imetoka angavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, basi ama divelopa haikufanya kazi kabisa ama fiksa ilitangulia kuingia.

Kitu cha pili cha kutazama ni eneo lililo kati ya vitobo. Eneo hilo likiwa jeusi pamoja na picha, mwanga umeingia nje ya lenzi, au dawa imeunguza filamu nzima. Likiwa angavu huku picha ikiwa na weusi wa ziada, mwanga umeingia kupitia lenzi, na hapo kipimo cha mwanga ndicho kinachohitaji kurekebishwa. Hukumu hizi huchukua dakika moja mbele ya taa, nazo huokoa usiku mzima wa kubahatisha.

Filamu za kuchapia, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya kunakilia picha kutoka negativu, ambazo wengi wetu huzitumia kwa sababu ya bei yake na kwa sababu zinavumilia taa nyekundu, huenda zisiwe na maandishi yoyote ya ukingoni. Kwa hizo, tumia kichwa cha filamu, yaani kipande cha mwanzo kilichoonwa na jua wakati wa kupakia kamera. Kipande hicho lazima kitoke cheusi tii katika negativu, na kisipotoka hivyo divelopa ni dhaifu.

Picha zote nyeusi mno kwenye negativu, ilhali ukingo uko sawa

Hili ni jua letu. Kamera ya Bolex yenye kioo cha kutazamia kupitia lenzi, ikienda kwa fremu 24 kwa sekunde, huangaza kila fremu kwa takriban 1/65 ya sekunde, na kwa kuwa prizimu yake hunyang'anya sehemu ya mwanga, kipimo huwekwa kwenye 1/80. Filamu ya ISO 200 (kipimo cha kasi yake ya kupokea mwanga) chini ya jua la saa sita mchana, mchanga mweupe ukiakisi kutoka chini, huhitaji tundu la lenzi dogo kuliko f/22, na lenzi nyingi huishia hapo. Weka kichujio cha kijivu mbele ya lenzi au subiri jua lipungue. Mimi napendelea kusubiri, kwa sababu baada ya saa kumi vivuli vya minazi hulainika na filamu hupumua.

Kinyume chake hutokea kwa filamu ya kuchapia. Kasi yake ni ndogo sana, wengi huipiga kati ya ISO 6 na 12, na huona rangi ya buluu pekee au zaidi ya nyingine zote. Kwa hiyo anga hutoka jeupe tupu, leso nyekundu hutoka nyeusi, na ngozi ya kahawia hutoka na giza kubwa kuliko jicho linavyoiona. Wengi hulitafsiri hilo kama kosa la kuosha, wakaongeza muda wa divelopa, wakapata kontrasti kali zaidi na uso uleule usiosomeka. Dawa yake iko kwenye kamera: ongeza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu) unapopiga uso wa mtu, uache anga liende zake. Ikiwa uso ndio kiini cha kazi yako, tumia filamu inayoona rangi zote na ukubali kuiosha gizani kabisa. Sioni sababu ya kuwafanya watu wetu wapotee ndani ya filamu kwa ajili ya kurahisisha kazi ya taa nyekundu.

Filamu imetoka angavu, bila picha wala namba: divelopa ya kahawa

Divelopa ya kahawa imekuwa kipenzi cha kambi, na mapishi yanayotumika sana kwa lita moja ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo, kwa dakika 15 katika nyuzi 20. Wazo la kuosha kwa kahawa lilitoka darasani kwenye chuo cha Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995. Inaposhindwa, mara nyingi kahawa haina hatia. Kosa huwa kwenye magadi.

Magadi ya dukani, yale ya kuivishia maharagwe, yanatoka Ziwa Magadi, na kimsingi ni trona, yaani mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti pamoja na maji ndani ya fuwele. Ukali wake, yaani nguvu yake ya kialkali, ni mdogo kuliko wa kaboneti tupu, na kahawa pamoja na vitamini C haziwezi kuibua picha ipasavyo bila ukali wa kutosha. Anayepima gramu 54 za magadi ghafi na kuzitia moja kwa moja hupata picha hafifu, au hapati kitu. Dawa ni kuyachoma kwanza. Yaponde, uyatandaze kwenye kikaango cha chuma, uyaweke juu ya moto wa mkaa kwa muda wa saa moja hivi huku ukiyakoroga, hadi mvuke uishe na yabaki unga mkavu mweupe. Katika nyuzi zinazokaribia 200, maji na hewa ya kaboni huondoka, na uzito hupungua kwa karibu asilimia 30. Pima gramu zako baada ya kuyachoma, na kamwe si kabla. Kisha yayeyushe, uyaache yatulie, na uchuje kwa kitambaa kizito, kwa kuwa magadi ghafi huwa na mchanga na chumvi.

Usiyeyushe magadi hayo kwenye sufuria ya alumini. Ukiona viputo vinatoka kwenye sufuria ambayo haijapata moto, na chuma kinageuka cheusi, magadi yanakula alumini na nguvu yake inapotea huko. Ndoo ya plastiki au chombo cha enameli kinatosha.

Vitamini C nayo ina mtego wake. Vidonge vinavyochemka ndani ya glasi huwa na asidi ya sitriki na bikaboneti, na vyote viwili hupunguza ukali wa divelopa; tafuta unga mtupu. Yeyusha magadi kwanza hadi yaishe kabisa, ndipo utie vitamini C na uache povu litulie, na kahawa iwe ya mwisho. Kuhusu kahawa yenyewe, ile ya bei nafuu hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa kwa kawaida huwa na robusta nyingi, na robusta ina asidi nyingi za kuibulia picha kuliko arabika. Kahawa nzuri ya Kirinyaga na Nyeri ibaki kwa wanywaji.

Ikiwa picha ipo lakini filamu yote imefunikwa na ukungu wa kijivu, joto ndilo limezidi. Kahawa hutoa ukungu upesi inapopita nyuzi 25, hasa kwa filamu za kasi kubwa. Gramu moja ya potasiamu bromaidi kwa lita huuzuia ukungu huo kwa kiasi kikubwa, na barafu huuzuia zaidi.

Jelatini imepasuka, imelegea au imebanduka

Hapa ndipo pwani inatofautiana na karibu kila mwongozo mwingine, na ndipo ninapowasihi wenzangu wawe waangalifu zaidi. Tabaka la picha limeundwa kwa jelatini, nayo hunywa maji na kuvimba. Maji yakiwa ya moto, na dawa ikiwa na ukali mwingi wa magadi, huvimba kupita kiasi na kulegea. Maji yaliyoshinda juani ndani ya tangi jeusi la plastiki wakati wa kaskazi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na hata ya usiku wa manane hayakaribii 20.

Dalili ziko za namna tatu, na kila moja ina chanzo chake.

Nyufa ndogondogo kama wavu, zilizosambaa filamu nzima, hutokana na kuruka ghafla kutoka joto moja hadi jingine. Mara nyingi divelopa imepozwa kwa barafu hadi nyuzi 20, lakini maji ya kusuuzia yametoka moja kwa moja kwenye tangi. Ni heri dawa zote na maji yote viwe na nyuzi 27 kuliko divelopa kuwa na 20 na mengine 31. Panga ndoo zote ndani ya beseni moja kubwa la maji saa mbili kabla ya kazi ili zifikie joto moja. Anayezitaka nyufa hizo kwa ajili ya sanaa afanye kinyume kwa makusudi kwenye kipande kifupi, aandike nyuzi alizotumia.

Tabaka linalojikunja na kuachana na plastiki kuanzia vitoboni hutokana na joto na ukali kwa pamoja, au kukaa muda mrefu mno majini. Kwa joto kubwa ambalo huna uwezo wa kulipoza, sodiamu salfeti kavu, gramu 50 hadi 100 kwa lita, ikitiwa kwenye divelopa ya kawaida huizuia jelatini isivimbe, ingawa huongeza muda wa kuosha kidogo. Baada ya divelopa, kinga kubwa ni shabu. Shabu inayouzwa kwenye maduka ya dawa za kienyeji, ile ya vinyozi na ya kutuliza maji machafu, ndiyo hiyohiyo ambayo maabara zilitia kwenye fiksa ili kuikaza jelatini. Fiksa maarufu ya Kodak iitwayo F-5 ina, kwa lita moja, gramu 240 za haipo (jina la mafundi la sodiamu thayosalfeti), gramu 15 za sodiamu salfaiti, mililita 48 za asidi ya asetiki ya asilimia 28, gramu 7.5 za asidi ya boriki na gramu 15 za shabu. Mwenye siki ya asilimia 5 pekee atahitaji takriban mililita 270 mahali pa asidi hiyo, na atapunguza maji kwa kiasi hichohicho. Fuata mpangilio huo unapoyeyusha, kwa sababu siki ikikutana na haipo kabla ya salfaiti, haipo huoza na kutoa salfa, na fiksa hugeuka kama maziwa yenye umanjano.

Vidutu na malengelenge madogo, ambayo yakipasuka huacha vitundu angavu, hutokana na hewa ya kaboni. Filamu iliyojaa magadi ikitumbukizwa ghafla kwenye siki kali, hewa hutokea ndani ya jelatini na kuisukuma. Baada ya divelopa ya kahawa usitumie siki kabisa. Suuza kwa maji mara tatu au nne, kisha ingia kwenye fiksa. Kusuuza huko kuna faida nyingine, kwani shabu ikikutana na magadi hutoa tope jeupe linalong'ang'ania filamu na ambalo wengi hulidhania kuwa chokaa.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu muda. Divelopa nyingi za metoli na haidrokwinoni, kemikali za kawaida za kuibulia picha, huhitaji karibu nusu tu ya muda zinapokuwa na nyuzi 28 badala ya 20. Dakika nane zinakuwa nne. Chini ya dakika nne ni vigumu kuosha mita 30 za filamu ndooni kwa usawa, kwa kuwa sehemu zilizogusana hubaki nyuma, na matokeo ni mawingu na mistari. Usikimbizane na saa. Ongeza maji kwenye divelopa, kipimo kimoja cha maji kwa kimoja cha divelopa, ili muda urefuke tena.

Filamu ya kugeuza imetoka nyeusi yote, picha haionekani

Tunapotaka filamu ileile iliyokuwa kwenye kamera iwe ndiyo ya kuonyeshwa, tunaigeuza: divelopa ya kwanza huibua negativu, kisha dawa ya kung'arisha huiondoa fedha ya negativu hiyo, kisha mwanga wa taa huangaza fedha iliyobaki, na divelopa ya pili huifanya picha chanya. Dawa ya kung'arisha inayopatikana kwa urahisi ni gramu 2 za potasiamu pamanganeti na mililita 10 za asidi ya salfuriki kali kwa lita moja ya maji. Asidi humiminwa ndani ya maji taratibu, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi, na mikono iwe na glavu na macho yawe na miwani.

Kisha mtu hufuata kila hatua kwa uaminifu, na filamu hutoka nyeusi, ama yenye kivuli hafifu cha picha ndani ya giza. Hulaumu taa, hulaumu divelopa ya pili. Chanzo ni kisima.

Visima vingi vya mwambao huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na chini ya maji baridi kuna maji ya bahari. Kiangazi kikirefuka chumvi hupanda. Chumvi ni kloraidi, na kloraidi ikiwepo kwenye dawa ya kung'arisha, fedha ya negativu haiyeyuki na kuondoka. Hugeuka fedha kloraidi na kubaki palepale ndani ya jelatini. Divelopa ya pili haitofautishi fedha hiyo na ile ya picha chanya, hivyo huzigeuza zote nyeusi. Dalili nyingine ya hali hiyo ni harufu kali ya klorini, kama ile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kutoka kwenye ndoo ya pamanganeti. Ukiisikia, fungua madirisha na usiendelee.

Kipimo chake ni rahisi, na ningependa kila kambi ikifanye kabla ya kugusa filamu ya mtu yeyote. Chukua kipande kifupi kilichoangazwa na jua, ukioshe kiwe cheusi, ukipitishe kwenye fiksa na kukisuuza vizuri. Kitie kwenye dawa ya kung'arisha iliyochanganywa kwa maji unayokusudia kutumia. Kisha kiondolee rangi ya kahawia kwa sodiamu metabaisalfaiti. Kikitoka angavu kama kioo, maji yanafaa. Kikitoka cheupe chenye utusitusi wa maziwa, hiyo ni kloraidi, na maji hayo yasiguse hatua hii. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka kwenye mabati yaliyokwisha kuoshwa na mvua za mwanzo, au maji yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma kibandiko kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Filamu yenyewe pia isuuzwe kwa maji ya mvua kabla ya kuingia kwenye pamanganeti, la sivyo itabeba chumvi ya ndoo iliyotangulia.

Kwa divelopa na kusuuza kwa kawaida, maji ya kisima yenye chumvi kidogo hayana madhara makubwa. Maji ya mvua ni machache. Yawekewe akiba kwa ajili ya pamanganeti na msuuzo wa mwisho.

Pamanganeti pia huilegeza jelatini kuliko dawa nyingine zote zilizotajwa hapa. Usiiache filamu ndani yake zaidi ya dakika tano, usiikunje, na joto lisipite nyuzi 24. Hii ndiyo hatua pekee ambayo kwangu barafu ni lazima, tena ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa barafu ya dukani huenda imetengenezwa kwa maji yenye klorini.

Baada ya kukauka

Madoa meupe ya duara yanayofutika kwa kidole ni chokaa ya maji magumu. Yaondoe kwa maji yenye siki kidogo, kisha suuza kwa maji ya mvua yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Filamu yenye utusitusi wa maziwa isiyofutika haijakamilika kwenye fiksa. Irudishe, na uiache mara mbili ya muda inaochukua kuwa angavu. Hiyo haihitaji giza.

Filamu ikining'inizwa nje hukauka upesi lakini hukusanya mchanga, na upepo wa bahari huleta chumvi. Ikifungiwa ndani wakati wa masika hukaa na unyevu hadi kuvu iote. Tundika kamba ndani ya chandarua cha mbu kilichooshwa, katika chumba chenye upepo, mbali na ukuta. Chandarua pia huzuia mende na sisimizi, ambao hula jelatini na kuacha njia angavu zenye kingo za mviringo kwenye picha. Filamu ambayo haijapigwa, ikitolewa kwenye friji, iachwe ndani ya kopo lililofungwa kwa saa kadhaa. Ikifunguliwa baridi, hewa yetu huweka matone juu yake, na matone huonekana baadaye kama madoa yanayorudiarudia.

Wanaopaka rangi za asili hulalamika kwamba manjano, ile bizari, imegeuka nyekundu ya matofali. Magadi yamebaki ndani ya jelatini, kwa kuwa manjano hubadilika rangi inapokutana na kitu chenye ukali wa namna hiyo. Pitisha filamu kwenye maji yenye siki kidogo na umanjano utarudi. Kufifia kwake juani hakuna kinga. Filamu iliyotiwa manjano ihifadhiwe gizani. Kwa wale wanaolaza majani yaliyolowekwa kwenye magadi na vitamini C juu ya filamu, kwa njia iliyoendelezwa na msanii wa filamu Karel Doing, jani lisiloacha alama mara nyingi ni lenye nta, kama la mwembe. Lisugue kwa upole, lilowekwe muda mrefu zaidi, na lisiachwe likauke juani kabla halijafanya kazi.

Kuhusu maungio yanayoachia ndani ya projekta, tazama aina ya plastiki kabla ya kulaumu gundi. Gundi ya kuyeyusha hushika asetati pekee, na filamu nyingi za kuchapia ni poliesta, ambayo haiyeyuki kwa gundi hiyo hata kidogo. Jaribu kuichana kwa mkono kutoka ukingoni: asetati hukatika, poliesta hukataa. Poliesta iungwe kwa utepe pande zote mbili, na iungwe asubuhi kabla jasho halijajaa mikononi, kwa kuwa utepe uliobandikwa juu ya jasho hujifungua mara taa ya projekta inapoupasha moto.